Barua Kwanza, Bango Baadaye: Maswali Yenu Kuhusu Harakati za Mtaani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinatoka kwa watu wanaoiona dhuluma kila siku mlangoni mwao, wana hasira nayo, lakini hawajui pa kuishikia. Tumechagua saba. Za Kenya tumezijibu kwa sheria za Kenya na ya Tanzania kwa sheria za Tanzania, maana siku za mwisho na majina ya ofisi hayafanani.

Kuna jaa la taka nyuma ya ukuta wa shule ya msingi ya watoto wetu. Likichomwa, darasa zima linakohoa. Tuko kina mama 14, na tumechoka kumlalamikia mzee wa mtaa. Tuanzie wapi?
*Kina mama, Changamwe*

Kina mama, anzeni na sentensi moja, tena iwe ombi, isiwe kaulimbiu. "Tunataka mazingira safi" hakuna afisa wa kuijibu ndiyo au la. "Tunaitaka serikali ya kaunti ikomeshe uchomaji taka katika jaa hili mwezi huu, na ilihamishe kabla ya shule kufunguliwa Januari" ina mtu wa kuijibu na ina tarehe ya kumbana nayo. Nyote 14 muweze kuisema bila karatasi. Watatu wakiisema vingine, msiende ofisini bado: afisa atawasikiliza mmoja mmoja, kisha atachukua lile ombi jepesi kuliko yote na kusema amewasaidia.

Halafu mjue nani mwenye uwezo wa kuamua. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiweka kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo mbunge siye, na chifu siye, ingawa hao ndio watu hukimbilia kwanza kwa sababu wanajulikana. Wenu ni waziri wa mazingira wa kaunti na MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) wa wadi yenu, na pembeni yao ofisi ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ambayo ndiyo hutoa leseni za majaa. Mbele ya kila jina andikeni huyu anamsikiliza nani: mwalimu mkuu, imamu, mchungaji, mwenyekiti wa wafanyabiashara wa sokoni. Mara nyingi mlango hufunguliwa na hao.

Sasa daftari. Nunueni la kurasa 200 lenye jalada gumu, mchore safu sita: tarehe, saa moshi ulipoanza, saa ulipokwisha, upepo ulielekea wapi, nani alishuhudia, namba ya picha. Andikeni kila siku kwa wiki nne, na siku isiyo na moshi iandikwe pia "hapakuwa na moshi". Daftari lenye siku mbaya tupu halimshawishi mtu, litaonekana limepikwa jioni moja. Picha zipigwe kutoka mahali pale pale, ukuta wa shule ukionekana, na picha asilia ibaki kwenye simu iliyoipiga. Ikishapita WhatsApp inapunguzwa ubora na kuvuliwa kumbukumbu za saa na mahali ilipopigwa. Kadi za kliniki za watoto zitawafaa, lakini mzazi aridhie kwanza, na zisirushwe kwenye makundi. Ugonjwa wa mtoto si bango.

Ushahidi wa namna hii ndio uliowabeba majirani zenu wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya madini ya risasi. Waliandamana, ndiyo, lakini mahakamani kilichokuwa na uzito ni vipimo vya damu na vya udongo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Kesi ilifunguliwa 2016, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni miaka hiyo, kisha mpange leo nani atalishika daftari mwaka wa tatu. Msimwachie mmoja. Wawe wawili, wapokezane kila mwezi.

Jambo la mwisho kwenu, na hapa ndipo kampeni nyingi nzuri hufia. Kuhamisha jaa ni fedha, na fedha za kaunti zina kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti ifikapo Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Ombi lenu liingie Agosti, likumbushwe Januari, litetewe Mei wadi inapoitwa kutoa maoni. Mkifika Juni na ombi jipya, afisa atawaambia hakuna fedha, na atakuwa anasema kweli.

Nimeenda ofisi ya kaunti mara nne kuomba mkataba wa ujenzi wa soko letu lililokwama. Kila mara naambiwa rudi kesho. Nifanye nini?
*Mchuuzi wa samaki, Kisumu*

Ndugu, acha kwenda kwa mdomo, nenda kwa barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia wa Kenya haki ya kuomba, kwa Kiswahili au Kiingereza, na hulazimiki kueleza unaitakia nini. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Inaweza kujiongezea mara moja tu, siku zisizozidi 14. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, jibu litoke ndani ya saa 48. Kuomba ni bure; unachoweza kutozwa ni gharama ya kunakili.

Barua iwe fupi namna hii: "Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za (1) mkataba wa ujenzi wa soko la mahali fulani, (2) hati za malipo aliyokwisha kulipwa mkandarasi, (3) ripoti ya mwisho ya mhandisi aliyekagua. Naomba nijibiwe kwa maandishi." Weka jina, anwani, simu, sahihi. Taja karatasi kwa majina yake. Anayeomba "habari zote kuhusu soko" hupewa kipeperushi.

Peleka nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, unaondoka nayo. Bila mhuri huo siku 21 hazina pa kuanzia, na hapo ndipo watu wengi hupoteza haki yao. Karani akikataa kugonga, itume kwa rejista ya posta na uitunze stakabadhi. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, una siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa ofisi ya Ombudsman. Huduma yao hailipiwi.

Tulikusanya sahihi 600 za petisheni, bungeni wakaturudishia. Tulikosea wapi?
*Vijana, Kakamega*

Hamkutuambia waliirudisha kwa sababu gani, basi tunataja makosa yanayoangusha petisheni nyingi. La kwanza ni sahihi za kubandika: karatasi zilizokatwa zikagundishwa, au orodha iliyosainiwa kwingine ikaambatishwa nyuma. Kanuni za Bunge la Taifa zinataka sahihi au alama ya kidole, anwani na namba ya kitambulisho viandikwe moja kwa moja kwenye petisheni yenyewe. La pili, karatasi za ndani kutokuwa na kichwa. Kila ukurasa lazima uonyeshe petisheni inahusu nini, kusudi mtu asije akasema alidhani anasaini daftari la mchango.

Petisheni pia iseme mlikwisha kulipeleka suala ofisi gani na mkajibiwa nini, na kama kuna kesi kuhusu jambo hilo mahakamani. Hapa ndipo ile nakala yenye mhuri inapofanya kazi. Usifute wala kuchomeka maneno juu ya mstari. Ukikosea, chapa upya. Barua na viapo visiambatishwe, vitunzeni mtakapoitwa mbele ya kamati. Lugha iwe ya heshima, na mwisho liwe ombi lenyewe, wazi: Bunge lichunguze nini, liagize nini, libadilishe kifungu gani.

Na mwangalie mlango mnaobisha. Jambo la kaunti huenda kwa karani wa bunge la kaunti, na kila bunge la kaunti lina kanuni zake. Ombeni nakala kabla ya kukusanya sahihi hata moja. Sahihi 60 zilizokamilika zina nguvu kuliko 600 zenye majina matupu.

Tuliitwa ukumbini siku mbili kabla kutoa maoni kuhusu mradi mkubwa. Tukasaini karatasi ya mahudhurio. Sasa tunasikia sahihi zile ni ushahidi kwamba tulikubali.
*Mvuvi, Kilifi*

Mzee wetu, jambo hili linatuuma, maana tunaliona pwani nzima. Kuhudhuria si kuridhia. Siku nyingine, kabla ya mtu wa kwanza kusaini, andikeni kwa mkono juu ya kila karatasi: "Mahudhurio tu, si idhini", kisha mpige picha. Maoni yenu yapelekwe kwa maandishi, yagongwe mhuri, kila hoja na namba yake: tulipewa notisi siku ngapi, hati ya mradi ilikuwa kwa lugha gani, tuliisoma wapi, maswali yapi hayakujibiwa.

Si kazi bure. Leseni ya mazingira ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha Lamu ilifutwa na Baraza la Mazingira la Kitaifa Juni 26, 2019, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika tathmini ya athari zake. Kesi iliegemea maswali kama hayo: nani aliitwa, lini, akapewa nini asome.

Kwa hilo lililokwisha pita, andikeni barua leo hii, wote waliohudhuria wasaini, mkieleza kilichotokea ukumbini na kwamba sahihi zile zilikuwa za kuhudhuria. Nakala iende kwa NEMA.

Tunapanga maandamano ya amani kuhusu maji. Je, tuombe kibali? Na tukikamatwa?
*Chama cha wapangaji, Nairobi*

Kibali hapana, notisi ndiyo. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utaratibu wa Umma, Sura ya 56, inataka mwandalizi amjulishe OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi cha eneo lenu, siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Kupeleka notisi siku 20 kabla ni kosa kama kuipeleka siku 2 kabla. Notisi ionyeshe jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa kati ya 12 asubuhi na 12 jioni, na njia mtakayopita. Sababu ya sheria hiyo ya kuwakatalia ni kwamba kuna mkutano mwingine ulioarifiwa mapema kwa mahali na saa hizo hizo, na hilo mwambiwe kwa maandishi. Ombeni nakala yenye mhuri. Mwandalizi aibebe siku hiyo, na msaidizi wake abebe nyingine.

Pitieni njia kwa miguu siku moja kabla, saa ile ile mtakayoandamana. Tafuteni penye ujenzi (mawe yaliyorundikwa ni kishawishi kwa wavurugaji), penye njia nyembamba, na vichochoro vya kutokea. Msimamizi awe mmoja kwa kila watu 20 au 25, mwenye kitambaa cha rangi moja mkononi, na kazi yake iwe moja: kuwaangalia wake. Mgeni akianza kurusha jiwe, wasimamizi waketishe watu chini. Umati ulioketi humwacha mrusha mawe amesimama peke yake, na kamera humwona.

Bango lisizidi maneno sita. La kitambaa la mita tatu litoboeni matundu ya nusu mwezi, la sivyo upepo utawanyang'anya. Watoto wa shule msiwalete, hasa wakiwa na sare. Bebeni maji safi kwa wingi. Moshi wa kutoa machozi ukipigwa, ondokeni kwenda upande upepo unakotoka, msifikiche macho, mjisafishe kwa maji mengi. Dawa ya meno usoni, ambayo watu hupenda kupaka, haisaidii na huwasha ngozi. Wenye lenzi za macho wazivue nyumbani.

Mtu mmoja asiende kabisa. Akae nyumbani na orodha ya majina kamili na simu za jamaa wa kila mwandamanaji, na kila mwandamanaji aandike namba ya mtu huyo kwenye mkono kwa kalamu, maana simu ndiyo hupotea kwanza. Ukikamatwa, sema jina lako, uliza kosa ni gani na unapelekwa kituo gani. Kifungu cha 49 kinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Muda huo ukiisha nje ya saa au siku za mahakama, mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Usisaini maelezo usiyoyasoma. Aliyebaki nyumbani aulize namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) ya kila aliyekamatwa. Mtu asiyeandikwa kwenye kitabu hicho ndiye wa kuhangaikia kwanza.

Mgombea mmoja ametuahidi fulana 200 na mabasi. Kikundi chetu hakina senti. Tupokee?
*Katibu wa kikundi, Nakuru*

Msipokee. Siku mtakapovaa fulana ile, suala lenu litakuwa suala lake, na kila mpinzani wake atakuwa mpinzani wenu. Mwiteni kama mkazi, asaini petisheni kama wengine, kwa namba ya kitambulisho chake.

Fedha mnazohitaji ni kidogo kuliko mnavyodhani: kunakili, nauli za watu wawili, maji, rangi na kitambaa. Kila mwanachama achange shilingi 50 kwa wiki, zipokelewe na mweka hazina kwa simu, si mkononi, na kila Jumapili hesabu ibandikwe mahali mnapokutania: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Fedha zisitolewe ila watu wawili wameridhia kwa maandishi. Makundi hayavunjwi na polisi mara nyingi kama yanavyovunjwa na shilingi 1,500 zisizo na maelezo. Mkishafika watu 10 na kuendelea, jiandikisheni chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, mpate kufungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi.

Uliuliza pia kwa nini kundi lenu la WhatsApp lina watu 400 na mkutanoni wanakuja tisa. Kwa sababu tangazo la watu 400 halimhusu mtu. Hao tisa wagawane majina, kila mmoja awapigie watu watano kwa sauti, tena ampe kila mmoja kazi yenye jina: wewe uje na viti, wewe uandike mahudhurio. Aliyepewa kiti cha kubeba huja.

Shikamooni. Kijijini kwetu hatujasomewa mapato na matumizi mwaka wa pili sasa. Tukiuliza tunaitwa wachochezi. Tufanyeje bila kugombana?
*Mkulima, Kilosa*

Marahaba, ndugu yetu. Kuuliza si uchochezi. Mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea, ndio chombo cha juu kabisa cha kijiji chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982. Unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo hamwombi fadhila.

Andikeni barua ya heshima kwa mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kijiji apate nakala kwa kuwa ndiye katibu, na nakala nyingine ziende kwa mtendaji wa kata na mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Ombeni mkutano uitishwe na ajenda iandikwe "Taarifa ya mapato na matumizi kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani". Ajenda ikiwa "mengineyo", mtasomewa jua linazama. Sahihi ziwe za vitongoji vyote, wazee na vijana, wake kwa waume, isije ikasemwa ni ukoo mmoja. Mkihitaji karatasi zenyewe, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa ofisa siku 30 za kuwajibu.

Siku ya mkutano msiulize "fedha zimeliwa na nani?" Swali hilo huzaa ugomvi, na ugomvi hufunga mkutano. Ulizeni mambo manne, kila moja na mtu wake aliyejiandaa. Salio la kuanzia lilikuwa kiasi gani? Kila chanzo kiliingiza kiasi gani: ushuru wa mazao, mnada, kodi ya mashamba ya kijiji, michango ya ujenzi? Kila matumizi yana hati ya malipo na yaliidhinishwa na kikao kipi cha halmashauri ya kijiji? Salio la leo ni kiasi gani, na taarifa ya benki inasemaje? Mmoja wenu akae na kalamu: salio la kuanzia, jumlisha mapato, toa matumizi. Jibu lisipolingana na benki, hamna haja ya kumtuhumu mtu. Someni tofauti kwa sauti, mara mbili, na mwombe iandikwe kwenye muhtasari.

Halafu pendekezeni azimio: mkaguzi wa ndani wa halmashauri ya wilaya aombwe kukagua vitabu, na tarehe ya kurudi na majibu itajwe hapo hapo. Azimio lipigiwe kura ya mikono, hesabu iandikwe. Msiondoke kabla muhtasari haujasomwa, na ukishasainiwa, pigeni picha kila ukurasa kwa simu tatu za watu watatu wasioishi nyumba moja.